Mahali pa Kukatia

6 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli imepiga Korogwe mchana, fupi, ya kulaza vumbi tu. Mabati yalikuwa bado yanatoa mvuke mama mkwe alipopiga simu kutoka Magoma.

"Mkamwana, tarehe ishirini na saba Desemba tunajengea kaburi la baba yenu. Wanakuja wote, wa Dar, wa Moshi, hata Obadia wa Mbeya. Nataka picha moja, kubwa, ya ukutani. Na nyuma yetu ionekane nyumba ya Gregori."

Nikasema sawa, mama. Sikumsahihisha. Gregori ni mume wangu na hiyo nyumba ya Magoma ni yangu. Kiwanja alinipa marehemu baba mkwe mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, karatasi ikaandikwa Lea, kwa sababu alisema mwanawe hajui kukaa na kitu. Tofali za kuchoma elfu tano na mia tatu. Kila moja ni uso wa mtu aliyekaa kwenye kigoda changu hapa studio akaambiwa inua kidevu, usicheke.

Lakini wazazi ndivyo wanavyosema, nyumba ya mwanangu. Sina ugomvi naye.

9 Oktoba

Joto. Pasipoti kumi na tisa. Gregori yuko Handeni anakusanya mahindi.

13 Oktoba

Wifi Yusta, dada yake Gregori, alipita studio na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye kigoda, akajizungusha kama mtoto.

"Wifi, hivi watu hamsini unawapangaje wasiwe kama wanasubiri dawa zahanati?"

Kazi yangu naipenda, ukiniuliza sinyamazi. Nikamweleza. Wazee kwenye viti, katikati. Watoto mkekani. Warefu nyuma, katikati, wasiachwe mwisho wa mstari maana picha itaonekana kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Kila uso uingie kwenye uwazi kati ya mabega mawili ya mbele yake. Nyuma pasiwe na nguzo inayomwota mtu kichwani, wala kamba ya nguo, wala bati linalometa. Na watu wasiegemee ukuta, wakae mbali nao kidogo, la sivyo nyumba inawameza.

"Na yule usiyekuwa na uhakika naye? Mchumba, tuseme. Au mtu na mkewe hawaelewani."

"Huyo pembeni kabisa," nikasema. "Mkono wake usimguse jirani. Ngumi moja ya nafasi kati yao. Na nyuma yake pawe patupu, majani au mbingu, pasiwe na dirisha ambalo ukilikata linabaki nusu. Wakiachana unakata hapo, na hakuna atakayejua palikuwa na mtu. Nimeshaokoa picha tatu za ukoo hivyo."

Yusta alicheka mpaka akafuta machozi. "Wewe ni hatari."

"Ni kazi."

"Ngumi moja?"

"Ngumi moja."

Akainua ngumi yake, akaitazama.

Awadhi alikuwa kwenye kompyuta. Ni mwenzangu wa studio, mwaka wa nane huu. Mimi napanga watu na kupiga, yeye anasafisha na kuunganisha. Yusta alipotoka akaniambia, "Mama Sera, siri za ofisi hizo unazigawa na machungwa."

19 Oktoba

Kwaluguru, Handeni, kwa Mzee Muhidini, mjomba wake Awadhi kwa upande wa mama. Familia nzima: viti sita, mkekani kumi na wawili, waliosimama kumi na sita. Thelathini na wanne.

Walitaka mbele ya nyumba mpya, bati linang'aa kama kisu. Nikawatoa hapo, nikawapeleka kwenye ua wa minyaa, kijani tupu, mvua imeuosha. Mbuzi wawili walifukuzwa mara tatu. Nikamwambia mzee alegeze uso kidogo.

"Nikicheka hapa," akasema, "kesho hawa watasema niligawa shamba."

Wote wakacheka, yeye akabaki vile vile, na hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote.

Binti yake wa mwisho, Husna, alikuwa na mtoto wa kike wa mwaka na nusu, Ikram, anayekula ushanga wake. Mzee akasema, "Acheni nafasi ya mkwe wangu hapo kwa Husna. Adamu yuko kwenye biashara zake. Awadhi atamweka baadaye."

Kazi ya kawaida. Nusu ya familia siku hizi zina mtu wa kuongezwa. Nikaacha upana wa mabega ya mwanamume, majani matupu nyuma. Nikamuuliza Husna urefu wake.

"Ananizidi hivi, dada," akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Kama wangu," nikasema. Tukacheka.

Nikamwambia alaze bega kidogo kulia, mkono auinue kana kwamba ameshika kiwiko cha mtu. Alikuwa anaona haya. Nikamwendea, nikauweka mkono mwenyewe mpaka ukakaa sawa. Nilimfundisha kumwegemea mtu ambaye hayupo, na alijifunza haraka.

27 Oktoba

Mvua ya kweli. Awadhi anasema picha ya mkwe wa Kwaluguru ililetwa kwenye simu, ameshaunganisha, ameshawapelekea. Nilitaka kuona kama mwanga umelingana. Akasema umelingana.

4 Novemba

Gregori amelala nyumbani siku mbili. Jana mezani alisema, "Ile picha ya Magoma, apige Awadhi. Kila mwaka uko nyuma ya mashine kama fundi wa kukodi. Mwaka huu ukae na wenzako."

Miaka kumi na minne ya ndoa na hajawahi kuliwaza hilo. Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha. Leo nimepeleka kitenge cha sare kwa fundi.

11 Novemba

Awadhi ameangusha lenzi. Haikuvunjika. Hanywi tena chai na mimi, anasema tumbo.

16 Novemba

Nimekwenda Magoma kukagua mahali. Nyumba inatazama magharibi, kwenye mkonge wa shamba la zamani, ambako baba yake mama mkwe aliletwa kutoka bara kuukata. Nyuma ya nyumba milima. Saa mbili asubuhi kivuli cha nyumba kinafunika ua wote: uso wa kila mtu utakuwa laini, na nyumba itakaa nyuma yao vizuri. Alasiri haifai kabisa, jua linawapiga machoni. Nimemwambia mama: saa mbili, kabla ya misa. Amekubali.

Nyumba haikaliwi, mama ana yake jirani, nikapita vyumbani kufungua madirisha. Chumba cha mbele kina kitanda kipya na chandarua kidogo, cha mtoto.

"Cha nani hiki, mama?"

"Wageni. Si watakuja na watoto."

23 Novemba

Mvua. Gregori amekwama Handeni, Fuso imezama hadi ekseli.

2 Desemba

Mvua. Bado amekwama, anasema.

8 Desemba

Shule zimefunga. Sera alimsindikiza baba yake Handeni kwenye Fuso, siku mbili. Ana miaka kumi na mmoja, anapenda kukaa juu mbele na kusoma majina ya vijiji. Amerudi amesukwa nywele, mistari myembamba iliyonyooka, mkono nisioufahamu.

"Nani amekusuka vizuri hivi?"

"Dada mmoja."

Akaenda kulala mapema.

14 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Awadhi alikwenda msibani Handeni. Niliikuta simu ya studio inaita. Husna wa Kwaluguru. Akaniamkia, akauliza hali ya kazi, ya watoto, ya mvua. Halafu akasema ile picha imependeza, anataka nyingine, kubwa zaidi, yenye fremu.

"Ya kumpelekea mama mkwe sikukuu," akasema.

"Yuko wapi mama mkwe?"

"Magoma, dada. Kwani Magoma unakufahamu?"

Nikasema nakufahamu kidogo. Nikasema nitaitengeneza. Bado sikuwa na wazo lolote. Nilikuwa nafikiria fremu ya mbao au ya plastiki.

Nikafungua kompyuta ya Awadhi, folda ya Kwaluguru. Kitu cha kwanza nilichoona ni kosa. Mwanga wa watu wote unatoka kulia, wa mkwe unatoka kushoto. Pua yake ina kivuli upande usio wake. Nikasema kimoyomoyo, Awadhi, hii ni aibu, umelipuaje kazi hivi. Nikaisogeza karibu nione kama inarekebishika.

Kanzu nyeupe. Kofia ya kufuma. Gregori.

Amesimama kwenye nafasi niliyoiacha. Urefu wake umeingia pale pale, sikukosea hata inchi moja. Husna amemshika kiwiko, kwa mkono nilioupanga mimi. Na kwa vile nilimwambia alaze bega, inaonekana kama wamezoeana.

Nilikaa. Alikuja mtu wa pasipoti, nikampiga, nikamkatia nne, nikampa. Alitoka. Nikaitazama tena.

Kwa hiyo amesilimu, akaitwa Adamu, akaoa. Ikram ana mwaka na nusu. Nikahesabu kurudi nyuma. Mwaka aliposema biashara ya mahindi imehamia Handeni. Mwaka tulipoezeka nyumba. Alishika ngazi mimi nikipiga picha ya bati la kwanza, na tayari alikuwa na kwingine.

La Gregori nimelielewa baada ya saa moja. Mwanamume ametoka nje, si wa kwanza. Lisiloniingia ni "mama mkwe, Magoma." Ni kitanda kipya na chandarua. Nimekaa nao meza moja, nimewafulia, nimewapiga picha za ubatizo na za msiba. Wangapi wanajua? Mama, basi. Yusta? Obadia? Wote hamsini? Nataka idadi. Mtu akiniambia ni wote nitaondoka kimya, akiniambia ni wawili nitajua nizungumze na nani. Ila sitamuuliza mmoja wao aniambie uongo mwingine.

15 Desemba

Awadhi amerudi. Niliiacha picha wazi kwenye kioo cha kompyuta. Aliiona kutoka mlangoni, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Tangu lini?"

"Tangu walivyoileta kwenye simu. Wallahi harusini sikuwapo, Mama Sera. Siku ile nilikuwa na wewe Muheza, kipaimara."

"Ukaiunganisha."

"Ni binti wa mjomba wangu. Ningemwambia mjomba nini? Ningekwambia wewe nini? Nikaona nikinyamaza, angalau sijavunja nyumba ya mtu kwa mdomo wangu."

"Umeivunja kwa mkono. Na mwanga umeukosea."

"Mkono ulikuwa unatetemeka."

Nilimwamini, na haikunisaidia. Kila siku kwa wiki saba mtu huyu amenisalimia asubuhi akijua. Gregori alikuwa safarini, na mama yuko mbali Magoma. Awadhi alikuwa kiti cha pili kutoka changu.

"Hawajakwambia kitu kuhusu tarehe ishirini na saba?"

Akaikunja kofia yake. Halafu akasema Yusta amempigia. Amemwambia kupanga watu atapanga yeye, Awadhi afuate tu.

"Basi fuata," nikasema. "Usinitetee, usinihurumie. Kila watakachokuambia, fanya."

Sababu nimeifikiria kutwa. Wakiniweka kando ya Gregori, au nyuma ya mama, nitajua bado kuna mtu kati yao anayenihesabu mkwe, na nitakaa nao chini tuzungumze. Wakiniweka pengine, nitakuwa nimejibiwa.

20 Desemba

Gregori amerudi na kuku wawili na mchele. Ananiita Mama Sera kwa sauti ile ile. Nilimpikia.

25 Desemba

Misa. Gregori alikwenda kupokea komunyo. Nilimtazama mgongo.

27 Desemba

Mvua ilipiga usiku kucha na padri akachelewa kwa matope. Saa mbili yangu ikapita na kivuli chake. Misa saa sita, kaburi likabarikiwa saa nane, pilau, hotuba. Saa kumi na moja kasoro mama mkwe akapiga makofi.

"Picha jamani, kabla ya jua kuzama."

Anga lilikuwa limefunguka lote. Jua lilikuwa magharibi juu ya mkonge, kali, la baada ya mvua. Yusta alikuwa na filimbi ya shule shingoni, na sare yake imemkaa vizuri kuliko ya mtu yeyote. Akaanza kupanga watu mbele ya nyumba yangu.

Alipanga vizuri. Naandika haki yake. Viti tisa, mama katikati. Mkekani kumi na wanne. Waliosimama chini kumi na watano, na kumi na watatu nyuma yao juu ya mabenchi ya kanisa. Kila uso kwenye uwazi wake. Sera akamketisha mkekani, magotini kwa bibi yake. Gregori nyuma ya kiti cha mama. Kila kitu nilichomfundisha kwa mfuko wa machungwa.

"Na mimi wifi?"

"Wewe pale mwisho, wifi. Una urefu mzuri, utafunga mstari."

Mrefu kufunga mstari. Nikaenda. Mwisho kabisa wa upande wa kulia, ukuta wa nyumba umeishia kabla yangu, nyuma yangu majani na mbingu. Nikatazama upande wa pili nione nani amefunga mwisho ule. Mchumba wa Bonaventura, mtoto wa Yusta. Uchumba wa miezi mitatu, hata jina la binti mama mkwe alilikosea kwenye hotuba.

Baba mdogo Obadia, wa Mbeya, alikuwa jirani yangu. Nikataka kumsogelea. Awadhi akasema kutoka kwenye kamera, bila kunitazama usoni, "Mama Sera, rudi kulia. Kidogo tena. Hapo."

Nikashusha macho. Kati ya bega langu na la Obadia paliingia ngumi moja.

Nilidhani nitalia, sikulia. Nilichokiona ni picha ilivyo ukutani, imekatwa. Nyumba ipo, mtoto wangu yupo, mume yupo, tofali zangu zote zipo. Hata fremu haijapungua sana.

"Tayari?" Awadhi akasema.

Hawakuwa tayari. Jua lilikuwa linawachoma. Watoto wanajikinga kwa viganja, Obadia amefumba jicho moja, mama mkwe ameukunja uso kama mtu anayekamua ndimu.

"Hili jua litanitoa machozi," mama akasema. "Fanyeni haraka."

Nikatoka kwenye mstari.

"Awadhi, toka hapo."

Alitoka mara moja, hakuuliza.

"Ndugu zangu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kazini, ile ya harusi za watu mia tatu, "mwanga huu utawafanya wote muonekane mmekasirika. Jua linatakiwa liwe mgongoni kwenu. Simameni, mgeuke, viti vyote vigeuzwe, mkeka uje huku upande wa nyumba, mabenchi yaende upande wa mkonge. Mstari ni ule ule."

"Tugeuke tena?" Obadia akasema. "Tumeshindiliwa hapa kama gunia la lumbesa."

Watu wakacheka, wakaanza kusimama. Mpiga picha akisema geuka, mtu anageuka. Nimewageuza mapadri na wakuu wa wilaya.

Yusta akaja mbio. "Wifi, na nyumba je? Mama anataka nyumba."

"Nyumba haigeuki, wifi. Nyinyi mnageuka."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Napiga."

"Si apige Awadhi?"

"Awadhi mkono unamtetemeka."

Nikabeba stendi ya kamera mpaka barazani kwangu, nikapanda ngazi ya mlango. Sasa walikuwa wote mbele yangu, hamsini, wamenitazama, jua limewazungushia vichwa nuru na nyuso zimetulia. Nyuma yao mkonge, mistari na mistari. Nyumba ilikuwa mgongoni kwangu.

"Fumbeni macho wote. Nikisema tatu, fumbueni, mtazame hapa."

Ni njia ya kawaida, inaondoa macho yaliyofumbwa. Sikuwahi kuitumia kwa kingine. Hamsini wamefumba macho kwa kunitii, na mimi nikapata nafasi ya kuwatazama, mmoja mmoja, bila mtu kunitazama. Mama alikuwa mzee kuliko nilivyojua. Yusta midomo imebana. Mmoja tu alikuwa hajafumba. Gregori alikuwa ananitazama mimi, na nyumba nyuma yangu.

"Moja. Mbili. Tatu."

Nikapiga. Ya kwanza, safi, kila mtu mbele.

"Moja ya mwisho. Msihame." Nikaweka jicho kwenye kamera. Halafu nikasema, kwa sauti ya kazi ile ile, "Adamu, shusha kidevu kidogo."

Nikapiga pale pale.

Asiyejua aliendelea kutazama kamera, akingojea huyo Adamu ashushe kidevu. Anayejua aligeuka kumtazama Gregori.

Nikakunja stendi. Gregori alinifuata mpaka kwenye kona ya nyumba. "Mama Sera, sikiliza."

"Kidevu hukushusha," nikasema. Nikaenda kuosha vyombo na wenzangu kwa sababu masufuria yalikuwa mengi.

28 Desemba

Korogwe. Nimeifungua ile ya pili, nimeisogeza uso kwa uso.

Mama mkwe amegeuka nusu, mkono umekwenda kwenye shingo. Yusta amegeuka. Deogratius, mumewe, amegeuka. Bonaventura. Shangazi wa Moshi na mwanawe. Sita. Obadia hajui kitu, anaicheka kamera na meno yote. Arobaini na wawili wengine hawajui. Nikahema. Nikajisemea, sita kati ya hamsini, ukimwacha Gregori, hapa ninaweza kuishi.

Nikashuka mkekani kwa mazoea tu, kuona kama kuna mtoto aliyetikisika.

Sera shingo ameizungusha kabisa. Anamtazama baba yake, na mdomo uko wazi.

Nimemwita. Nimemwonyesha. Alisimama na mguu mmoja juu ya mwingine.

"Baba alisema nisikuumize," akasema.

"Dada aliyekusuka ni nani?"

"Mama Ikram."

Sikumfokea. Nilimsuka upya, mistari minene, ninayoijua. Alikaa kati ya magoti yangu, kichwa kimeinama, na kila nilipovuta aliniambia haiumi.

30 Desemba

Nilimtumia Husna picha moja kwenye simu. Harusi yangu, mlango wa kanisa, mimi na Adamu wake. Akapiga. Safari hii hakuniamkia.

"Dada, aliniambia mama yake Sera alifariki."

"Niko hai. Leo nimepiga pasipoti kumi na tano."

"Nilimsuka yule mtoto nikimwonea huruma."

"Umemsuka vizuri," nikasema, na ilikuwa kweli. Akalia. Nikangoja amalize. Fremu hakuitaja tena, na mimi sikuitaja.

3 Januari

Gregori amechukua nguo zake. Hajasema anakwenda kwa yupi. Awadhi ameleta chai, ameiweka mezani, amekaa mbali. Nimeinywa. Nikamwambia, "Kigoda kile kimelegea, kifunge." Akakifunga.

7 Januari

Jua. Vuli imekwisha. Mwenyekiti wa kitongoji anaikumbuka karatasi ya baba mkwe, na nakala anayo.

12 Januari

Magoma. Walimu wawili wa kike wa shule ya msingi nimewapangisha vyumba vya mbele vya nyumba yangu, wamehamia. Kitanda na chandarua nilivipeleka mwenyewe kwa mama mkwe, nikavisimamisha ukutani. Halafu nikampa picha yake, kubwa, kwenye fremu ya mbao. Niliyompa ni ile ya kwanza, wote wametazama mbele. Ya pili ninayo mimi, na haitatoka, kwa sababu ya mtoto.

Yusta alikuwepo. Hakuinua macho.

Mama akaiweka magotini, akawapitia kwa kidole, kiti kwa kiti, mkeka, mabenchi, mpaka mwisho huu na mpaka mwisho ule. Akarudi katikati. Akaitafuta nyuma ya vichwa vya watu, akaona mkonge.

"Nzuri," akasema. "Ila nyumba sijaiona. Nyumba iko wapi, mkamwana?"

"Iko nyuma ya mpiga picha, mama."